Kesi ya Wakili Aliyemuulizia Mteja Wake

Haya hayakutokea kwetu. Nalisema mapema ili mtu asije akajitafuta humu ndani, akajikuta, halafu akakasirika. Yalitokea katika nchi moja ya mbali ambayo jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali ilikuwa imefungwa ili wafanyakazi wake wakapongezane.

Katika nchi hiyo hapakuwa na utekaji. Mlezi Mkuu wa Taifa aliupiga marufuku kwenye hotuba, na kitu kilichopigwa marufuku na Mlezi Mkuu huwa hakipo tena. Njaa, kwa mfano, iliondoka kwa njia hiyo hiyo. Ni kweli kwamba kulikuwa na magari meusi yasiyo na namba, na kwamba watu waliingia ndani ya magari hayo kwa haraka kiasi cha kuacha viatu vyao barabarani. Lakini hao hawakutekwa. Walialikwa. Kulikuwa na idara nzima ya kuwakaribisha, Idara ya Ukarimu, yenye jumba jeupe juu ya kilima, lililoitwa Nyumba ya Wageni. Idara yenyewe haikuwepo. Ilikuwa na bajeti, magari na bendi ya tarumbeta, ila haikuwepo.

Tatizo lilikuwa ndugu za wageni. Hawa walikosa adabu. Mtu akichelewa kurudi kidogo tu, mwaka mmoja hivi, wanaanza kuulizia. Bunge likakaa, likapiga makofi, likapitisha Sheria ya Utulivu wa Familia, ambayo ilisema kwamba yeyote atakayeulizia aliko mtu aliyepotea atahesabiwa kuwa ndiye aliyemteka. Mheshimiwa aliyeuleta muswada alifafanua kwa upole.

"Waheshimiwa wenzangu," alisema, "kama hukumteka wewe, umejuaje kwamba ametekwa?"

Bunge zima likaona aibu kwa kutolifikiria jambo hilo mapema.

Adhabu yake ilikuwa kifungo mpaka mtekwa arudi. Wengi waliisifu kwa huruma, maana mfungwa alishika ufunguo wake mwenyewe. Amrudishe mtu, atoke. Tangu hapo idadi ya watu waliopotea nchini ilishuka hadi sifuri. Karani wa sensa akimuuliza mama, "Una watoto wangapi?" mama alimtazama kwanza usoni, kisha akajibu, "Unataka niwe na wangapi?"

*

Erasto Chimile alikuwa akisoma hali ya hewa redioni. Alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, sauti ambayo hata ikikutangazia mafuriko unaona kama umepewa zawadi. Mkesha wa Sikukuu ya Jua, siku ambayo taifa humshukuru Mlezi Mkuu kwa kuleta jua, Erasto alisoma hivi: "Kesho tutarajie mawingu mepesi upande wa Ikulu."

Angekuwa amekosea, angesamehewa. Kwa bahati mbaya mawingu yalikuja. Hapo ikawa wazi kwa kila mzalendo kwamba alikuwa na mawasiliano nayo. Kabla sherehe haijaisha, gari jeusi lilimkuta akinunua mihogo, na kiatu chake kimoja kikabaki karibu na karai la mafuta.

Wakili wake aliitwa Sikudhani Kapalata. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye joho lililopauka mabegani, na alikuwa anamsimamia Erasto katika kesi ndogo ya kiwanja. Siku ya kesi Erasto hakufika. Sikudhani alimngoja, akapiga simu, akaenda nyumbani kwake akakuta kuku wanashinda ndani. Mtu mwenye akili angeishia hapo, akasema hajawahi kuwa na mteja. Yeye aliandika maombi Mahakama Kuu kwamba Erasto Chimile aletwe mbele ya Jaji, akiwa hai.

Karani wa mapokezi aliisoma karatasi mara ya kwanza akatabasamu. Aliisoma mara ya pili akaurudisha nyuma mkono wake kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Dada, hii unaiacha kweli?"

"Naiacha."

"Yaani unamuulizia mtu?"

"Ndiyo. Tena kwa maandishi."

"Basi chini hapo andika na saizi yako ya nguo."

"Nguo gani?"

"Za gerezani, dada yangu. Ukiwaachia wenyewe watakupa kubwa, utakuwa unaburuza mpaka uzeeke."

Sikudhani aligonga muhuri wake, akashukuru, akatoka. Hakufika chini ya ngazi. Polisi walikuwa wanamsubiri katikati, wamejipanga vizuri kama wanafunzi waliosikia kwamba leo kuna nyama. Mkubwa wao alimsomea shitaka kwa sauti ya kutia moyo. Alishitakiwa kwa kumteka Erasto Chimile, kumficha mahali pasipojulikana, na kuisumbua mahakama kwa kujifanya anamtafuta.

*

Mama yake, Bi. Mwanaheri, alimtembelea mahabusu siku moja kabla ya kesi. Askari wa kike alisimama kati yao akisikiliza kwa juhudi, mdomo wazi.

"Si nilikwambia ujifunze kushona?" mama alianza, hata kabla ya salamu. "Fundi cherehani gani umewahi kusikia amefungwa? Nani anamshitaki mtu kwa kupunguza suruali?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula."

"Muongo. Shingo imekuwa kama ya kuku mgonjwa wa mdondo." Akamsogelea, akashusha sauti. "Mwanangu, niambie mimi tu. Huyo baba wa mawingu, umemweka wapi?"

"Mama! Na wewe?"

Bi. Mwanaheri akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, maana alikuwa ameuliza. Wote wawili wakamtazama askari. Askari akatazama dari. Baadaye ilisemekana kwamba na yeye alikuwa na mjomba ambaye hakuwahi kuwepo.

"Kesho wanasoma hukumu," Sikudhani alisema polepole. "Erasto asipoonekana, ninaingia ndani, na sitoki mpaka aonekane."

"Na ataonekana vipi wakati wanaye wao?"

"Ndiyo hapo, mama."

Mama alimshika mkono. Kisha akaanza kumkunjia mwanawe mikono ya ile sare ya gerezani, kwa sababu ilikuwa kubwa, akaikunja vizuri, pande zote mbili zikawa sawa.

"Mimi mifupa hii haina miaka mingi ya kukungoja," alisema. "Kesho usinyamaze. Umeshafungwa kwa kusema, usifungwe tena kwa kunyamaza."

*

Sasa niseme kidogo kuhusu itifaki, kwa sababu mgeni asiyeijua nchi hiyo anaweza kudhani ilitawaliwa na Mlezi Mkuu. Ilitawaliwa na utambulisho. Hakuna jambo lililoanza kabla wakubwa wote waliopo hawajatajwa mmoja mmoja, wakasimama, wakapunga mkono, wakapigiwa makofi. Maiti alingoja kaburini. Mgonjwa alilala kitandani tumbo likiwa limepakwa dawa, akasubiri meza kuu ya madaktari itambulishwe. Na mkubwa akirukwa, kila kilichofanyika baada yake kilikuwa batili. Daraja moja lilibomolewa na kujengwa upya kwa sababu siku ya ufunguzi walimsahau mke wa naibu mwenyekiti.

Mahakama Kuu, kwa hiyo, ilikuwa na Mshereheshaji wake wa kudumu, Bwana Chande, mtu wa suti ya rangi ya chungwa, ambaye sauti yake ilianzia tumboni.

Hukumu ya Wakili Sikudhani ilishachapwa. Ilichapwa kabla ya kesi, kuokoa muda wa wananchi. Ilikuwa mezani mbele ya Jaji Kisanji, imegeuzwa uso chini kama mtihani. Jaji huyu alikuwa mrefu, mwenye huzuni, na watu walisema zamani alikuwa mcheshi. Upande wa Jamhuri alikaa Mwendesha Mashtaka Mkuu, Daktari wa Heshima Nguvumali, aliyepewa udaktari na chuo ambacho alikifungua yeye. Kilichobaki ni Chande kutambulisha wakubwa, kisha Jaji kugeuza karatasi. Kati ya Sikudhani na gereza palikuwa na majina ya watu tu, na majina yalikuwa yanaisha.

"Yupo nasi Katibu Msaidizi wa Chama cha Wafuga Kuku wa Nyama!" Chande alinguruma. Katibu Msaidizi akasimama, akapunga. Makofi.

"Yupo pia mama mkwe wa Katibu Msaidizi!" Makofi.

Mstari wa mbele kabisa, kwenye kochi, alikaa mtu mnene mwenye masharubu yaliyochanwa. Huyu hakutajwa. Alikuwa Kanali Mstaafu Shomvi Pazi, mkuu wa Idara ya Ukarimu, na kwa kuwa idara haikuwepo, yeye pia hakuwepo. Asubuhi ile Nguvumali alimshika Chande koti akamwambia, "Kochi lile ni tupu. Umenielewa? Ukiona mtu, fumba macho." Lakini Kanali alikuwa na masikio. Wafuga kuku walipotajwa, masharubu yalicheza. Alipotajwa mama mkwe, yalianza kutetemeka.

Nyuma yake ulikaa msafara wake, mistari mitatu ya watu wenye suti nyeusi na miwani myeusi. Ukubwa katika nchi ile ulipimwa kwa msafara, na hakuna mkubwa aliyethubutu kutoka na watu wachache kuliko wa Waziri wa Fedha.

Sikudhani alikuwa amesimama kizimbani akiwatazama bila kuwatazama. Wote walielekeza nyuso mbele. Isipokuwa mmoja. Mmoja, katika mstari wa pili, alikuwa amegeuza shingo kuelekea dirishani. Alikuwa anaangalia anga. Aliliangalia kwa utulivu, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akavuta hewa puani, akatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyekubaliana na jambo.

Sikudhani alimtambua. Erasto Chimile hakuwahi kuingia ofisini kwake bila kusimama kwanza mlangoni akafanya hivyo hivyo.

Baadaye ilijulikana ilivyokuwa. Maofisa wengi wa Kanali walikuwa wametumwa kuulinda mkutano wa Mlezi Mkuu, msafara ukapungua, na Kanali hakuweza kuja hadharani kama mtu wa kawaida. Akaagiza wageni wachache wa Nyumba ya Wageni waogeshwe, wavalishwe suti, wajaze viti. Hakuona hatari. Anayemtambua mgeni itabidi aulize, na akiuliza ameshajifunga. Na nyuma ya kila mgeni aliketi ofisa wa kweli, aliyekwisha kumnong'oneza kwamba akifungua mdomo vibaya, watoto wake nao watakaribishwa.

Sikudhani alijua akipiga kelele, "Huyu hapa!" watamtoa kwa mlango wa nyuma, na mara hii hawatamrudisha hata Nyumba ya Wageni. Watasema alikuwa ofisa, na yeye atakuwa ameuliza mara ya pili. Ilibidi Erasto ajitaje mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu, tena apigiwe makofi.

"Na kwa kuwa itifaki imezingatiwa," Chande alisema, "namkaribisha Mheshimiwa Jaji asome hukumu."

Jaji akavaa miwani. Akaigeuza karatasi.

"Itifaki haijazingatiwa," alisema Sikudhani.

*

Ukumbi ulinyamaza kama bweni likisikia viatu vya mwalimu wa zamu. Chande aligeuka. Jasho lilikuwa limeshamtoka.

"Mama... nimemruka nani?"

"Umemruka mkubwa kuliko wote uliowataja. Amekaa mbele pale."

Nguvumali aliruka. "Mheshimiwa Jaji, hakuna aliyerukwa! Kochi lile ni tupu!"

"Tupu?" ilisema sauti kutoka kwenye kochi.

"Mheshimiwa, nilikuwa na maana ya kwamba kisheria..."

"Nimekaa hapa tangu asubuhi. Mimi ni hewa?"

"Afande, kwa usalama wa taifa, tafadhali, hupo."

"Sipo!" Kanali Pazi alisimama, na kochi likapumua. "Mtu wa kuku yupo! Mama mkwe wa mtu wa kuku yupo! Mimi ninayewafanya mlale usingizi, sipo!"

"Ndivyo walivyo, Mheshimiwa," Sikudhani alisema kwa masikitiko. "Siku hizi wanaofanya kazi kweli ndio wanaosahaulika."

"Umesikia?" Kanali alimwambia Nguvumali. "Hata mhalifu anaona."

Chande hakungoja tena. Alikuwa na watoto wanaosoma. "Mabibi na mabwana, tunaye mgeni mzito! Naomba ajitambulishe mwenyewe, maana mimi sina kinywa cha kumtosha!"

Kanali alishika kipaza sauti, akakipuliza, akarekebisha tai. "Naitwa Kanali Mstaafu Shomvi Pazi, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Ukarimu."

Watu walipiga makofi, kwa sababu ndivyo walivyozoea. Kwa makofi yale idara ikawepo. Nguvumali alilaza paji la uso mezani.

"Na kama ilivyo ada," Sikudhani aliongeza taratibu, "mgeni mzito hutambulisha aliofuatana nao."

Kipaza sauti mkononi mwa mkubwa ni kama upawa mkononi mwa mpishi wa shule, hauachiwi kirahisi. "Sikuja peke yangu!" alisema Kanali. "Msafara, simama! Kila mmoja ajitaje. Tusiwe na haraka."

Kipaza sauti kikaanza safari.

"Ofisa Mwandamizi Komba." Makofi.

"Ofisa Mwandamizi Ulaya." Makofi.

"Ofisa," alisema wa tatu, kwa sauti kavu, na watu wakaona suruali yake imefungwa kwa kamba. Makofi yalipungua.

"Ofisa," alisema mwingine. Miwani yake ilikuwa imekaa upande kwa sababu pua ilikuwa imevunjika zamani kidogo.

Kilifika mstari wa pili. Ofisa aliyekaa nyuma ya Erasto aliinuka, akamwekea mkono begani, vile marafiki wanavyofanya wakipigwa picha. Vidole vyake vilizama kwenye suti. Kanali aligeuka kuutazama msafara wake kwa fahari, na nafikiri ni hapo tu alipokumbuka ni nani aliyevalishwa nini.

"Huyo mrukeni," alisema.

"Mheshimiwa," Chande alinong'ona, karibu alie, "tukiruka mtu kikao ni batili. Mpaka wewe mwenyewe itabidi ufutwe."

Kanali alifikiria kufutwa. Alifikiria muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Erasto alikuwa na kipaza sauti. Mikono ya koti ilimfunika mpaka kwenye vidole. Alitazama dirishani mara moja, akamtazama Sikudhani kizimbani, na mkono ulio begani mwake ukazidi kubana.

"Naitwa Erasto Chimile," alisema. "Msomaji wa hali ya hewa. Nimetokea Nyumba ya Wageni, vyumba vya chini."

Mikono ya makofi ilisimama hewani. Lakini Chande, ambaye maisha yake yote akisikia jina husema neno moja tu, alisikia jina, na kinywa chake kikasema chenyewe, "Makofi kwake!"

Watu wakapiga. Walianza kwa mazoea. Kisha wakasikia walichokuwa wanakipigia, na hawakuacha.

*

Nguvumali, lazima tumpe haki yake, alikuwa mwepesi. Aliinua paji la uso kutoka mezani, na lilikuwa na alama ya kalamu.

"Mheshimiwa Jaji! Mtekwa amepatikana, na amepatikana chumba kimoja na mtuhumiwa! Hatua chache kutoka alipo! Jamhuri inataka ushahidi gani tena? Alimteka, akamficha humu humu, na Idara ya Ukarimu ikamwokoa!"

"Asanteni," alisema Kanali kwa unyenyekevu. "Vijana, mchukueni huyo maskini akapumzike."

Ofisa wa kweli akaanza kumvuta Erasto nyuma. Jaji Kisanji, kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu, aliishika tena ile hukumu. Sikudhani alishikilia ubao wa kizimba. Alikuwa amempata mteja wake na anampoteza tena, na safari hii kwa makofi.

"Mgeni hajasalimia!" alisema. Sauti ilimkatika, akarudia. "Bwana Chande! Mgeni ametambulishwa, na hajasalimia wananchi!"

Chande alimtazama Kanali, akamtazama Nguvumali, akaitazama suti yake ya chungwa. Katika nchi ile mgeni aliyetambulishwa alipewa nafasi ya kusalimia, na salamu hazikatwi. Mlezi Mkuu mwenyewe aliwahi kukaa juani akisikiliza salamu za diwani mmoja mpaka chai yake ikaota utando.

"Ni kweli," alisema Chande, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikutoka tumboni. "Apewe nafasi asalimie."

Mkono wa ofisa ukabaki begani, lakini haukuvuta.

"Hamjambo?" alisema Erasto.

"Hatujambo!"

"Mimi sijambo kiasi. Nimetumwa salamu." Alizungumza taratibu, kwa sauti ile ile ya mawingu na mvua. "Mama Sele wa Mtaa wa Kinu, unasalimiwa na Selemani. Yuko ukuta wa pili kutoka kwangu. Anasema jino limetoka, lisikusumbue akilini."

Mwishoni mwa ukumbi bibi mmoja alisimama akiwa ameshika kitambaa mdomoni. Hakuuliza kitu. Sheria ilikataza kuuliza, haikukataza kupokea.

"Zimefika," alisema.

"Familia ya fundi Mbwiga, mnasalimiwa. Anaimba usiku, hajabadilika, anaimba vibaya vile vile."

"Zimefika!" walisema watu watatu kwa pamoja, na mmoja wao akacheka huku analia.

"Pingamizi!" alipiga kelele Nguvumali.

"Unapinga salamu?" aliuliza Jaji.

Nguvumali akakaa.

Erasto aliendelea. Kila jina lilipotajwa mtu alisimama, na kila aliyesimama hakukaa. Kanali alikuwa akiwahesabu wanaosimama, kisha maofisa wake wa kweli, na hesabu haikumpendeza. Halafu Erasto aliinua uso kuelekea meza kuu.

"Mheshimiwa Jaji Kisanji. Unasalimiwa na mdogo wako Damiani. Anataka kujua goti la mama linaendeleaje."

Jaji Kisanji, katika karatasi zake zote za serikali, alikuwa mtoto wa pekee. Hukumu ilikuwa bado mkononi mwake. 

"Mheshimiwa," Nguvumali alisema kwa sauti ndogo, ya hatari, "salamu zimekwisha. Soma. Ni mstari mmoja tu."

Jaji aliishusha hukumu. Alimtazama Sikudhani katika ile sare kubwa iliyokunjwa mikono vizuri. Kisha akavua miwani.

"Yuko wapi?" alisema.

"Mheshimiwa! Umeuliza!"

"Nimeuliza. Mdogo wangu yuko wapi?"

"Kwa mujibu wa sheria wewe ndiye uliyemteka!"

"Basi nimemteka. Andika."

"Na mimi nimemteka Selemani wangu!" alisema Mama Sele. "Yuko wapi?"

"Na sisi tumemteka baba!"

"Na mimi mjomba!" Hiyo ilikuwa sauti ya yule askari wa kike aliyesimama karibu na kizimba.

Bi. Mwanaheri, ambaye hakupotelewa na mtu, alisimama juu ya benchi. "Na mimi nauliza! Yeyote yule, yuko wapi?"

"Mama, kaa chini utaanguka," alisema Sikudhani.

"Sikai! Ukumbi mzima wanauliza, mimi nibaki kama mjinga?"

"Kamateni wote!" Kanali alinguruma. "Wote! Watekaji hawa!"

Mkuu wa polisi aliuangalia ukumbi, akaziangalia pingu zake chache. "Wote, afande?"

"Sawa kabisa, wote," alisema Sikudhani. Alisimama wima, kama siku aliyoapishwa. "Tumekiri. Na mtekaji akikiri, Mheshimiwa Jaji, sheria inawataka polisi wafanye nini?"

Jaji Kisanji alielewa. Kitu fulani kilipita usoni mwake, na wazee waliokuwepo wanasema kilifanana na ule ucheshi wa zamani.

"Inawataka wamchukue chini ya ulinzi," alisema, "wampeleke mara moja akaonyeshe alikomficha mtekwa. Naamuru hivyo. Na mimi mnifunge pingu, tafadhali, tusionekane tunabagua."

*

Kile kilima cha jumba jeupe hakikuwahi kupandwa kwa miguu. Polisi walitangulia, kwa sababu amri ilisema ulinzi, nao walikuwa watu wa kutii amri. Pingu zilipoisha, watu walishikana mikono ili wahesabike wamefungwa. Erasto alitembea katikati, bado na kipaza sauti ambacho hakikuwa kimeunganishwa na kitu chochote, na ofisa wa kweli bado alikuwa na mkono begani mwake, ila sasa alikuwa amelishika bega kama mtu anayeogopa kupotea kwenye kundi. Gari la Kanali lilijaribu kupita, likakosa nafasi. Alipiga honi. Watu walidhani anasalimia, wakampungia.

Lango la Nyumba ya Wageni lilikuwa refu na jeupe. Mlinzi alitoka. Kazi yake yote ilikuwa kuwaambia watu kwamba hakuna mtu. Aliwatazama polisi, akamtazama Jaji mwenye pingu, akalitazama lile kundi ambalo mwisho wake haukuonekana, na akasema alichofundishwa kusema.

"Mnamuulizia nani?"

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Hata hapo, baada ya yote yale, neno lile lilikuwa bado na uwezo wa kutisha.

"Hatumuulizii mtu," alisema Wakili Sikudhani Kapalata. "Sisi ndio tuliowateka. Tumewaficha humo ndani. Fungua tuwatoe."

Mlinzi alimgeukia mkuu wa polisi. Mkuu wa polisi alitazama viatu vyake. Kutoka mahali fulani chini ya jumba, chini sana, mtu alianza kugonga ukuta, kisha mwingine, kisha wengi.

Mlinzi akaingia ndani kuchukua ufunguo.